Nifanye Nini Isijizime

Vudee,
20 Juni 2024

Kaka yangu Kaleb,

Shikamoo kaka. Naandika huku nakuona kichwani umenyolewa kipara, umekaa juu ya ndoo unasoma. Sijui kama huko kambini jeshini mnakaa kwenye ndoo, ila mimi ndivyo ninavyokuona, na kwa sababu simu hamruhusiwi itabidi niendelee kukuona hivyo hivyo.

Huku tupo. Mama mkwe Blandina anakusalimu sana. Kifua chake bado, akianza kukohoa anamaliza wimbo mzima wa kwaya. Maharage tumevuna, si mabaya. Ukungu umeshuka mapema mwaka huu, asubuhi hatuoni hata mti wa parachichi wa hapo mlangoni.

Habari kubwa, nimejifungua. Ilikuwa tarehe kumi na nane Mei, chini huko Same, wiki saba kabla ya siku zake. Mtoto wa kike. Nimempa jina la mama yetu, Rogathe. Tumelala wodini wiki nne, Jumamosi ndiyo wameturuhusu. Nesi mmoja anaitwa Justa alinifundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, bila nguo katikati, halafu nafunga kanga kwa juu. Aliniambia, "Mtoto wa hivi hana mafuta mwilini. Baridi ikimwingia hatalia, atanyamaza tu. Ukiona amenyamaza sana, ogopa." Basi mimi kutwa nasikiliza.

Sindato mume wangu bado yuko bwawani Nyumba ya Mungu na samaki wake. Nilimpelekea habari kwamba nimejifungua. Hajaja. Sijui kwa nini.

Sasa kaka nina swali. Ile laptop yako ya gemu uliyoniachia. Ulisema niiwashe kila Jumapili ichaji kidogo halafu niizime. Naiwasha. Lakini inapata joto, yaani ukiweka kiganja pembeni pale inapopumulia unakitoa mwenyewe. Inanguruma kama mashine ya kusaga, halafu inajizima. Nifanye nini isijizime?

Usinikasirikie, naitunza. Mama mkwe ameifumia kitambaa cheupe cha maua ya njano, saizi yake kabisa, tunaifunika kama redio.

Mdogo wako,
Raheli


Kambini, Katavi
1 Julai 2024

Mdogo wangu Raheli,

Marahaba. Nimesoma barua yako nimesimama, kwenye foleni ya uji. Ndoo tunazo, ila za kubebea maji. Mimi mzima, nimepungua, nimekuwa mweusi kama sufuria la msibani.

Hongera mama Rogathe! Nimelitaja jina hilo kwa sauti peke yangu nyuma ya bweni, nikaona nimekaa muda mrefu sijalitaja. Mbusu kichwani kwa niaba yangu, taratibu.

Sasa hiyo laptop. Kwanza kabisa, toa hicho kitambaa. Mshukuru mama Blandina kwa heshima zote, lakini kitoe leo. Mashine hiyo si redio. Ina feni mbili ndani, inavuta hewa baridi kwa tumboni na kutoa ya moto pembeni. Ukiifunika ni kama umemziba mtu pua halafu ukamwambia akimbie.

Pili, usiiweke juu ya godoro wala blanketi. Meza tupu. Tafuta visoda vinne, weka kimoja kila kona chini yake, inyanyuke, hewa ipite. Tatu, chukua mswaki mkavu, mpya, usugue yale matundu ya pembeni na ya chini ikiwa imezimwa. Vumbi la kiangazi kilichopita limo humo. Nne, ina dawa nyeupe ndani kati ya prosesa, ule ubongo wake, na feni, inakauka ikizeeka. Hiyo wewe usiiguse, ni ya fundi.

Ila kuna kitu sielewi. Laptop ya kuwashwa Jumapili tu, kwenye baridi ya Vudee, inapataje joto hilo? Huku Katavi ningeelewa.

Raheli, kumbuka mle ndani ndimo ulimo mchezo wangu mzima, ule wa bodaboda anayepanda kutoka Same mpaka Vudee. Miaka mitatu. Sina nakala nyingine popote. Desemba nikitoka huku kuna watu Arusha wamesema niende niwaonyeshe, wakiupenda wananiajiri. Ikifa hiyo, nitawaonyesha mikono mitupu.

Salimia wote.

Kaka yako,
Kaleb


Vudee,
10 Julai 2024

Kaka Kaleb,

Shikamoo. Barua yako imeletwa na Omari wa bodaboda pamoja na sabuni na chumvi, ina harufu ya petroli lakini nimeisoma mara nne. Rogathe nimembusu. Ananyonya vizuri, anavuta mpaka masikio yanacheza.

Kitambaa nimetoa. Mama mkwe alikasirika siku mbili, kisha akakivalisha chupa ya chai. Visoda nimeokota dukani kwa Omari. Akaniuliza, "Mama Rogathe, umeanza kucheza drafti?" Nikamwambia ndiyo, niletee mpinzani. Mswaki nao nimefanya, vumbi limetoka kama pamba ya mto.

Na kweli imesaidia kaka! Zamani ilikuwa inajizima baada ya nusu saa. Sasa inakwenda saa moja na nusu. Lakini bado inajizima. Nataka kujua, inaweza kukaa inawaka tangu asubuhi mpaka jioni bila kufa? Na hewa ile ya moto inayotoka pembeni, ina sumu? Mtu akiivuta siku nzima inaweza kumfanya chochote? Naomba hilo unijibu vizuri, usisahau.

Nimegundua pia kwenye mchezo wako, bodaboda akifika ile kona ya ukungu juu kidogo ya msitu, hapo ndipo mashine inanguruma kuliko kote. Akiwa Same kwenye jua haingurumi hivyo. Kwa nini?

Ukungu wa huku wa kweli umezidi. Nguo za mtoto hazikauki, nazikaushia tumboni mwangu.

Hukumsalimia Sindato. Hata kwenye barua ya mwezi wa nne hukumsalimia. Najua hukumpenda tangu mwanzo lakini ndiye baba wa mtoto. Simu yake inaita tu.

Raheli


Kambini
18 Julai 2024

Raheli,

Habari za huko. Mimi mzima.

Nimekaa na barua yako siku mbili nikaona niandike hivi hivi, nisiikoroge. Nani anacheza mchezo wangu?

Usiniambie hakuna mtu. Kona ya ukungu haifikiwi kwa kuwasha laptop na kuchaji. Inabidi mtu aendeshe bodaboda dakika ishirini. Mashine inanguruma pale kwa sababu ukungu ni kazi ngumu, kila chembe yake inachorwa upya kila sekunde. Nilitaka kuupunguza, sikupata muda. Mtu akiiacha pale siku nzima anaichoma, na nimekwambia kilichomo.

Watu wote wenye laptop duniani wanauliza jinsi ya kuipoza. Wewe hujaniuliza hata siku moja jinsi ya kuipoza. Unaniuliza ifanyweje isijizime. Umewafungulia vijana wa pale dukani ukumbi wa gemu? Au ni huyo mwenzio amerudi na kukaa nayo kutwa?

Hewa yake haina sumu, ni hewa ya chumbani imepashwa moto tu. Lakini ukisikia harufu tamu tamu kama rangi ya kucha, au ukiona tumbo lake limevimba, chomoa waya uitoe nje ya nyumba saa hiyo hiyo, betri inaweza kuwaka moto.

Ukipata barua hii izime, ifunge, mpe Omari aipeleke Same kwa mwalimu Loth anitunzie. Sitaki maelezo.

Kaleb


Vudee,
27 Julai 2024

Kaka Kaleb,

Shikamoo. Leo sina salamu nyingi, unisamehe. Mama mkwe anakohoa. Rogathe mzima.

Laptop sikumpa Omari. Barua yako ilifika Alhamisi, nikaisoma nikaikunja, nikasema nitampa Jumatatu. Umesema hutaki maelezo lakini nitakueleza, ukitaka ichane.

Watoto ni wawili.

Nilizaa wawili kaka. Rogathe alitangulia, wa pili ni wa kiume. Alitoka na kilo moja na robo, mkono wake mzima ulikuwa unaingia kwenye pete yangu. Wodini wamama walikuwa wanamwangalia halafu wanaangalia pembeni. Sikukuandikia. Sindato pia nilimwambia mmoja tu. Niliona nikimwandika kwenye barua, halafu barua ichukue siku kumi njiani, wewe utakuwa unanipongeza huku yeye ameshaondoka. Nikasema akae kwanza. Akikaa nitamtaja. Hata jina sijampa, tunamwita Mdogo.

Nesi Justa alisema niwabebe wote kifuani. Nilijaribu. Siku ya tatu nikamkuta Mdogo amezamia chini ya dada yake, uso umegandamana na ubavu wangu. Toka siku hiyo naogopa, nabeba mmoja mmoja. Kuna kazi pia, maji, kuni, kupika. Alisema awepo mtu wa pili wa kupokezana, lakini mama mkwe na kikohozi kile walimkataza kabisa. Chupa za maji ya moto zinapoa kabla sijamaliza kunyonyesha, na moja ilivuja ikamlowesha. Jiko la mkaa ndani siwezi. Wewe na mimi ndio tuliofungua ule mlango asubuhi ile, tukamkuta mama amelala na jiko pembeni yake. Sikuweza kuliweka jiko kwenye chumba chenye mtoto aliyeitwa jina lake.

Ndipo nikakumbuka laptop yako. Haina moshi. Inapumua hewa ya moto. Nikaiweka mezani, pembeni nikaweka boksi la mafuta ya kupikia, ndani nguo, ndani ya nguo Mdogo. Naipima hewa kwa shavu langu kwanza. Nilijifunza mwenyewe kuendesha bodaboda mpaka kwenye ukungu, nimeanguka kwenye korongo mara nyingi usiulize. Nikifika naisimamisha pale. Mmoja kwangu, mmoja kwenye ukungu wako, halafu nabadilisha. Hakuna vijana. Ni mimi.

Jana asubuhi nilikwenda mtoni. Nilihesabu nitarudi ndani ya saa moja. Nikamkuta mama wa kanisani akaniomba nimsaidie kujitwika, tukaongea, mimi nikacheka, kaka, nilikuwa nacheka. Kurudi nyumba imenyamaza. Laptop haingurumi. Boksi limenyamaza. Nilipomgusa alikuwa baridi kama kopo la maji, midomo imebadilika rangi, macho yamefunguka nusu. Hakulia. Ni kama alivyosema nesi.

Nilivua nguo zote nikamweka kifuani nikajifunika blanketi mbili, nikawa namwita, na sikuwa na jina la kumwita. Nilimwita wewe, wewe, wewe. Nadhani ilipita nusu saa. Halafu akakunja kidole.

Yupo. Lakini toka jana hanyonyi vizuri. Na laptop leo ukiiweka mezani haitulii, inayumba, chini ni kama imeota kitambi. Nimeitoa nje juu ya jiwe. Sijui kama nimeua kazi yako. Sina cha kuweka pembeni ya boksi sasa. Nakaa kitandani na wote wawili na silali.

Uliniambia hutaki maelezo. Haya ndiyo.

Raheli


Kambini
4 Agosti 2024

Raheli, mdogo wangu,

Barua yako imefika leo saa nne. Saa tano nilikuwa mbele ya afande. Sijawahi kumwomba kitu tangu nifike. Nilimpa barua akaisoma mwenyewe mpaka mwisho, akatoa simu yake mfukoni, akasema, "Dakika kumi. Na usilie mbele ya makuruta wenzako."

Sikukupigia wewe. Nilimpigia Sindato. Namba yake naijua kwa kichwa, na sababu ya kuijua ndiyo kitu ambacho sijakwambia.

Mwezi wa tatu, kabla sijaja huku, nilionana naye stendi ya Same. Nilimwambia mwanaume anayemweka dada yangu kwa mama yake huku mwenyewe ananuka perege si mwanaume. Nikamwambia asikanyage Vudee mpaka awe na nyumba yake. Watu walikuwepo, wauza tiketi walicheka. Alijibu kitu kimoja tu, "Sawa shemeji." Akapanda gari. Baadaye alinipigia mara mbili, sikupokea, niliitazama namba tu mpaka ikakaa kichwani. Ndiyo maana hapokei na wewe. Anaona aibu, na mimi ndiye niliyempa. Kila ulipoandika "sijui kwa nini" mimi nilikuwa najua.

Leo nilimweleza yote. Halafu akasema, "Wawili?" Nikasema wawili, na mmoja anahitaji kifua, na kule hakuna kingine ila chako. Hakuniuliza habari ya nyumba. Kabla barua hii haijapanda mlima atakuwa ameshafika.

Akifika, siku hiyo hiyo mshuke Same, Mdogo akaangaliwe, na nesi awafundishe wote wawili kumfunga. Usisubiri kuona kama atanyonya kesho.

Laptop iache hapo juu ya jiwe. Usiiwashe. Usiifikirie.

Nilikuandikia kwa hasira kuhusu ukungu. Laiti ningejua, ningeuchora mzito zaidi.

Kaleb


Vudee,
15 Septemba 2024

Kaka yetu Kaleb,

Shikamoo. Rogathe anakusalimu. Loth anakusalimu. Ndiyo, amepata jina, la babu yake mzaa baba, na mwalimu wako wa Same akijisifu kwamba ni lake tumwache tu. Jumatano kliniki Rogathe alikuwa kilo tatu na nusu, Loth mbili na gramu mia nane. Aliyekuwa anapima alimrudisha mara mbili kwenye mizani, nikadhani kuna ubaya, kumbe alidhani ameshika yule yule mmoja.

Sindato alifika tarehe tano saa mbili asubuhi, ukungu umemlowesha mpaka kope. Alikuja na boksi la perege wakavu, hana hata begi. Hakunisalimia. Alisema, "Yuko wapi?" Nikamwonyesha. Akavua shati pale pale mlangoni.

Tulishuka Same mchana ule, tukalazwa siku tisa. Walimwekea Loth mpira wa puani wa kumlishia, siku ya sita wakautoa. Kuna siku mbili sitakuandikia. Nesi Justa alinigombeza, kisha akanishika mkono, kisha akanigombeza tena. Alisema wawili wanakaa kifuani vizuri wakifungwa kila mmoja upande wake, vichwa juu, na kwamba ningerudi kumuuliza siku ile ile nilipoogopa. Nilikuwa naona aibu kaka. Sisi wote, sijui aibu hii tulipewa na nani.

Tuliporudi mama mkwe alimkuta Sindato amefungwa kanga yangu ile ya bluu, mtoto ndani. Akasema, "Tangu lini mwanaume anafungwa kanga ya uzazi?" Sindato akamwambia, "Tangu wiki iliyopita, mama. Nikazie fundo, limelegea." Mama akalikaza. Omari naye hakuacha, alipiga honi akasema, "Shemeji, umejifungua lini?" Akajibiwa, "Nina wiki tatu, na mgongo unaniuma, niletee mtori wa mzazi." Kesho yake akaleta mtori kweli, uko kwenye hotpoti, anajidai ni utani.

Ulichomwambia Sindato stendi bado sijakusamehe. Yeye anasema amekusamehe, lakini yeye ana moyo mwepesi. Mimi nitakusamehe ukija, nikuone uso.

Sasa habari nzito. Omari alipeleka laptop kwa fundi Same. Betri ilikuwa imevimba imepasua sehemu ya chini, fundi akaitoa akaizika mchangani nyuma ya banda. Akasema bodi imeungua. Diski ameitoa, ni ndogo kama kipande cha biskuti. Alijaribu kuisoma mara moja, ikaonyesha majina ya mafaili, halafu ikanyamaza. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Anasema yupo mtu Moshi mwenye vifaa. Nimeifunga kwenye soksi ya Loth, nimeiweka kwenye sanduku la nguo, katikati ambapo hapapati unyevu. Desemba utaikuta. Kama watu wa Arusha watasema wanataka kuona kazi yako na diski ikawa imekufa, sijui watakuelewa ukiwaambia kona ya ukungu ilifanya nini. Mimi nimeshindwa kumweleza hata fundi.

Ninaandika hii asubuhi, nje hakuonekani parachichi. Rogathe yuko kwangu. Sindato amelala kitandani chali, Loth kifuani kwake, na nimepitisha kiganja katikati yao, kama nilivyokuwa nafanya pale pembeni inapopumulia. Kuna joto. Sindato ananguruma kama mashine yako kaka, mama mkwe anasikia mpaka jikoni. Ila wiki ya sita hii hajajizima.

Mdogo wako,
Raheli